Moja au Kumi: Namna ya Kuyasoma Maoni ya Watazamaji Kuhusu Filamu Ndogo za Mahaba na Hatari

Filamu huru ya mahaba na hatari iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ni miongoni mwa picha ambazo maoni ya watazamaji wake huwa magumu kuelewana. Mmoja huipa alama moja kati ya kumi na kuapa kwamba saa yake na nusu imepotea bure. Wa pili huipa kumi na kumsifu mwongozaji kwa ujasiri. Wa tatu, ambaye huenda ndiye aliyeitazama kwa makini kuliko wote, huipa tano na kusema kwamba sauti ilikuwa mbaya lakini yule mwanamke ameigiza vizuri. Anayesoma maoni hayo kabla ya kuamua kuinunua picha au kuiacha hubaki pale pale alipokuwa. Kwetu Zanzibar jambo hili lina fundo jingine juu yake, kwa sababu anayeuliza kama picha ni nzuri huwa anauliza papo hapo inatazamika pamoja na nani. Makala haya yanajaribu kuyafungua mafundo hayo yote mawili, na msimamo wake ni kwamba watazamaji hawa hawapingani kama inavyodhaniwa: kila mmoja anajibu swali lake, na hakuna aliyewaambia wenziwe ni swali gani.

Kwanza tuijue aina yenyewe ya filamu. Hii ni hadithi ya mtu anayeingia katika uhusiano asiopaswa kuuingia, kisha uhusiano huo ukamvuta mpaka kwenye mauaji, fedha za bima, vitisho au wizi. Tamaa ndiyo inayomtia matatani, na ukiiondoa hakuna kisa kinachobaki. Mizizi yake iko katika picha za Marekani za miaka ya 1940, kama vile "Double Indemnity" ya Billy Wilder iliyotoka mwaka 1944, ambamo wakala wa bima na mke wa mteja wake wanapanga kumwua mume ili fedha zilipwe. Wakati huo Hollywood ilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934: mambo ya chumbani hayakuonyeshwa, na mkosaji alilazimika kulipa kosa lake kabla ya picha kwisha. Kanuni hizo zilipoachwa mwaka 1968 na mahali pake pakachukuliwa na utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa mtazamaji, waongozaji walipata nafasi ya kuonyesha yale ambayo wenzao wa zamani walikuwa wakiyadokeza tu. "Body Heat" ya mwaka 1981 ilirudia karibu kisa kile kile cha mke, mpenzi na mume anayetakiwa afe, safari hii joto lake likiwa wazi. "Fatal Attraction" ya mwaka 1987 na "Basic Instinct" ya mwaka 1992 zikaifikisha aina hiyo kwenye kumbi kubwa za dunia.

Kando ya picha hizo kubwa ulikuwapo mkondo mwingine ambao ndio unaotuhusu zaidi hapa. Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, na vituo vya televisheni vya kulipia vikawa vinahitaji kitu cha kujaza saa za usiku, wazalishaji wadogo walianza kutengeneza filamu ambazo hazikukusudiwa kabisa kufika ukumbini. Mmoja wa watu wakubwa wa mkondo huo alikuwa Jag Mundhra, Mhindi mzaliwa wa Nagpur, ambaye mwaka 1990 aliongoza "Night Eyes", kisa cha mlinzi anayewekwa kumchungulia mke wa mtu kwa kamera na mwishowe akazama naye katika mapenzi. Mundhra huyo huyo ndiye aliyeongoza baadaye "Bawandar" ya mwaka 2000, kuhusu mwanamke wa Rajasthan anayedai haki baada ya kudhulumiwa mwili wake, na "Provoked" ya mwaka 2006 aliyoigiza Aishwarya Rai. Ninamtaja kwa sababu mtazamaji aliyemjua kwa kanda zake za usiku na yule aliyemjua kwa Aishwarya Rai wangemzungumza kana kwamba ni watu wawili, na wote wawili wangekuwa wanasema kweli.

Wazanzibari wengi, lakini, hawakuijua aina hii kwa kupitia Marekani. Waliijua kwa kupitia Bombay. "Jism" ya mwaka 2003 ilichukua kiini cha "Body Heat" na kukitia nyimbo, na "Murder" ya mwaka 2004 ilimleta Mallika Sherawat na Emraan Hashmi katika kisa cha mke mpweke anayekutana na mpenzi wake wa zamani. Zote mbili zilitengenezwa kwa bajeti ya kiasi, bila ya nyota mkubwa hata mmoja, zote zikapewa daraja la watu wazima na wakaguzi wa India, na zote zikauza. Katika visiwa ambavyo picha la Kihindi ni jambo la familia nzima, tangu bibi mpaka mjukuu, filamu hizi zilileta hali mpya: nyimbo zake zilipigwa kila mahali, hata na watu ambao hawakuthubutu kuiweka picha yenyewe sebuleni. Hapo ndipo maoni yalipoanza kugawika kwa namna tunayoiona mpaka leo.

Sasa tuingie katika hesabu ya fedha, kwani bila ya kuijua hesabu hiyo nusu ya malalamiko ya watazamaji haieleweki. Muswada peke yake wa "Basic Instinct" uliuzwa kwa dola milioni 3 mwaka 1990, kabla ya kamera kuwashwa. Miaka michache baadaye John Dahl aliitengeneza "The Last Seduction" nzima, pamoja na waigizaji, taa, chakula na uhariri, kwa takriban dola milioni 2.5. Chini ya hapo kuna maelfu ya filamu zinazotengenezwa kwa fedha ambazo kwenye picha kubwa zingekwisha katika mishahara ya siku moja. Watengenezaji wa hali hiyo huipenda aina ya mahaba na hatari kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Nyumba moja inatosha. Waigizaji watatu au wanne wanatosha. Hakuna gari la kulipua, hakuna jeshi la kuvalisha sare, na sehemu kubwa ya kisa hutokea usiku ndani ya kuta nne. Zaidi ya hayo, mada yenyewe huita wateja bila ya kuhitaji jina maarufu kwenye bango.

Ila unafuu huo una udanganyifu ndani yake, na kazi nyingi hukwama hapo hapo. Filamu ya vita inaweza kuvumilia sauti mbovu kwa sababu mabomu yanafunika kila kitu. Filamu ya mahaba na hatari hutegemea minong'ono. Mke anamnong'oneza mpenzi wake namba ya kabati la fedha; mpenzi ananyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili; mtazamaji anatakiwa aisikie pumzi hiyo na ashuku. Kunong'ona ndiyo sauti ngumu kuliko zote kuirekodi, kwani kipaza sauti kinachosogezwa kuifuata huokota na kila kitu kingine kilichopo. Aliyewahi kujaribu kurekodi ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe anazijua adha zake: feni ya darini inavuma, friji la jirani linatetemeka ng'ambo ya ukuta, kunguru wamekaa juu ya bati, pikipiki inapita kichochoroni, na kabla hujamaliza unachotaka kusema adhana ya alasiri inaingia kutoka misikiti mitatu kwa nyakati zisizopishana sana. Feni ikizimwa, waigizaji wanalowa jasho katika muda mfupi na vipodozi vinatiririka. Mwenye fedha hungoja, hurudia, au huwarejesha waigizaji studio wakayasema upya maneno yao. Asiyekuwa nazo humwaga muziki juu ya kelele zote na kutumaini kwamba yaliyosemwa yatabahatishwa.

Matokeo yake tunayasoma kwenye maoni, isipokuwa hayaandikwi kwa jina lake. Ni wachache wanaoandika kwamba hawakusikia. Wengi huandika kwamba picha "haina msisimko" au kwamba "stori haieleweki". Mambo ni hayo hayo kwa upande wa mwanga. Usiku wa kwenye filamu nzuri huwa umewashwa taa nyingi zilizofichwa. Usiku wa filamu ya fedha kidogo mara nyingi ni usiku kweli, kamera inalazimishwa kuona pasipo mwanga, na picha inajaa chenga, hasa pale waigizaji wanapokuwa na ngozi nyeusi na aliyepanga taa hakujifunza namna ya kuiangaza. Mtazamaji husema "picha mbaya" akiwa na maana ya macho yake, na msomaji wa maoni hayo hudhani anazungumzia kisa.

Liko pia suala la waigizaji wawili "wasioendana", ambalo katika maoni ya aina hii ya filamu hujitokeza tena na tena. Watu hudhani kuendana ni bahati ya nyota. Kwa kweli matukio ya faragha hupangwa hatua kwa hatua kama mapigano yanavyopangwa: mkono unakwenda wapi, nani anageuka kwanza, kamera inakata lini, na kila mwigizaji ameridhia nini. Mwaka 2018 HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza kuweka katika matukio ya namna hiyo mtaalamu maalumu wa kuyaratibu, na watengenezaji wengine wakubwa wakafuata. Filamu ndogo huwa haina mtu huyo, na pengine haina hata siku moja ya mazoezi. Watu wawili waliojuana asubuhi wanaambiwa mchana wapendane mbele ya mafundi taa. Mtazamaji anaiona hofu yao, anaihisi bila ya kuijua, na anaandika kwamba uigizaji ni wa mbao. Kwa maoni yangu hiyo ni lawama ya haki, ijapokuwa haiwaendei wanaostahili.

Baada ya fedha linakuja suala la ahadi. Kila filamu hujitangaza kwa bango, na bango la aina hii ya filamu lina kawaida ya kuahidi zaidi ya kilichomo. Mwanamke amegeuza mgongo, kitambaa chekundu, kisu au bastola pembeni, na maneno mawili matatu juu ya tamaa na mauti. Watu wa aina tatu huitikia wito huo: aliyefuata mwili, aliyefuata fumbo la nani kaua, na aliyefuata uhusiano wenyewe, yaani mtu aliyewahi kupenda asichopaswa kupenda na anataka kuona mambo hayo yakisemwa kwa ukweli. Filamu ndogo mara chache huwa na uwezo wa kuwaridhisha wote. Ikiwa na staha, wa kwanza atasema ameibiwa. Ikiwa na mwili mwingi na kisa chembamba, wa pili atasema adui alijulikana tangu dakika ya kumi. Ikikimbilia mauaji, wa tatu atasema watu wake hawakupewa roho.

Mfano mkubwa wa ahadi iliyokwenda kombo haukutoka kwenye filamu ndogo, lakini unaonyesha utaratibu wenyewe vizuri. Mwaka 2003 Jane Campion, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1993, alitoa "In the Cut", filamu ya mahaba na mauaji aliyoigiza Meg Ryan. Marekani lipo shirika liitwalo CinemaScore ambalo huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza wanapotoka ukumbini, na kuipa filamu alama ya herufi kama za skuli. "In the Cut" ilipata F, ambayo ni nadra mno kutolewa. Waliokwenda usiku ule walikuwa wakimjua Meg Ryan wa vichekesho vya mapenzi vyenye mwisho mwema, wakakutana na mwanamke mwenye giza moyoni katika jiji lenye damu. Miaka iliyofuata wahakiki wengi waliirudia na kuisifu. Filamu haikubadilika hata kipande, ila waliokuja baadaye walikuwa wanajua wanakwenda kutazama nini.

Filamu ndogo hukutwa na jambo hilo kila siku, na haina jina la Campion la kuiokoa. Watazamaji wake wa mwanzo huwa ni makundi mawili tu: jamaa na marafiki wa watengenezaji, wanaotoa kumi, na watu waliovutwa na bango, wanaotoa moja. Hapo ndipo wastani unapokuwa mwongo. Tuchukue mfano wa kubuni wa filamu iliyopigiwa kura na watu 200. Watu 70 wameipa moja, 40 wameipa kumi, na 90 waliobaki wameipa tano. Ukijumlisha utapata alama 920, na ukigawa kwa 200 utapata 4.6. Anayeiona namba hiyo hudhani watu kwa jumla wameiona ya wastani, chini kidogo ya nusu. Kumbe zaidi ya nusu ya wapigaji kura ama wameichukia kabisa ama wameipenda kabisa. Picha ambayo kila mmoja ameipa nne au tano ingetoa karibu namba ile ile, na ni filamu tofauti kabisa kuikalia.

Kila mtandao nao una hesabu yake. IMDb huchukua alama za 1 mpaka 10 na kutoa wastani ambao baadhi ya kura hupewa uzito kuliko nyingine, kwa njia ambayo wenyewe hawaitangazi, ili kupunguza nguvu ya kura za makundi. Rotten Tomatoes haihesabu wastani katika asilimia yake kuu. Huhesabu ni wahakiki wangapi kati ya wote walioipenda filamu, na asilimia 60 ndiyo mpaka wa kuitwa nzuri. Kwa hiyo filamu ambayo wahakiki tisa kati ya kumi wameiona "si mbaya" itapata asilimia 90, na ile iliyowatia wazimu wa mapenzi nusu yao na kuwaudhi nusu iliyobaki itapata 50. Filamu za mahaba na hatari, kwa tabia yake ya kugawa watu, hudhulumiwa na hesabu hizi zote. Inayofaa kutazamwa ni ile michirizi inayoonyesha watu wangapi wametoa kila alama. Michirizi ikiwa mirefu ncha zote mbili na mifupi katikati, namba iliyoandikwa juu yake haina kazi.

Katika yote ambayo watazamaji huyazungumza, hakuna linalowachoma kama mwisho wa kisa. "Fatal Attraction" ilipoonyeshwa kwa majaribio kabla ya kutoka, ilikuwa na mwisho mwingine: mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake, ambaye ni mume wa mtu, anajiua, na alama za vidole za mpenzi huyo zinabaki kwenye kisu. Watazamaji wa majaribio hawakuukubali. Walitaka aadhibiwe, na walitaka waione adhabu. Glenn Close, aliyeigiza nafasi hiyo, aliupinga uamuzi wa kubadilisha, lakini mwisho mpya ulipigwa picha, mke wa yule mpenzi akampiga risasi, filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani na kuteuliwa mara sita kwa tuzo za Oscar. Kanuni za mwaka 1934 zilikuwa zimeshazikwa kwa karibu miaka ishirini, na bado watazamaji walizifufua wenyewe.

"The Last Seduction" ya mwaka 1994 ilifanya kinyume chake. Mwanamke wake, aliyeigizwa na Linda Fiorentino, anaiba, anadanganya, anasababisha kifo, na anaondoka na fedha bila ya kuguswa. Kwa kuwa filamu hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni ya HBO kabla ya kuingia kumbini, Fiorentino hakuruhusiwa hata kuwania Oscar, ijapokuwa wahakiki walimsifu sana. Soma maoni ya filamu yoyote ndogo yenye mwisho kama huo na utaona watu wakiulaumu uandishi, wakisema kisa "hakikumalizika". Kisa kimemalizika. Kilichokosekana ni hukumu, na mtazamaji huyo anaidai. Sisi tuliokulia kwenye ngano ambazo mhaini hupata malipo yake kabla ya hadithi kwisha, na baadaye tukatazama filamu za Bongo ambazo mwizi wa mume wa mtu huishia kitandani hospitali akiomba radhi, tunaidai hukumu hiyo kwa sauti kubwa zaidi. Silioni hilo kuwa ni ushamba. Ni kipimo cha watu wengi duniani, na aliyetaka kukivunja anatakiwa akivunje kwa ustadi, awaoneshe watazamaji mapema kwamba hawatalipwa hapa.

Tukirudi visiwani, jambo la kwanza la kulizingatia ni mahali pa kutazamia, kwa sababu hilo peke yake linaweza kugeuza maoni. Zamani jibu lilikuwa jepesi: kulikuwa na kumbi, ukiwemo wa Majestic pale Vuga, ambako mtu alikata tiketi na kukaa gizani na watu asiowajua. Kisha televisheni ya rangi ya Zanzibar ilipoanza katika miaka ya 1970, na video zikafuata, picha iliingia nyumbani, mbele ya wazazi, wakwe na watoto. Giza lile la ukumbini lilikuwa stara. Sebuleni hakuna stara hiyo. Mtu mzima anayetazama tukio la faragha pamoja na mkwewe hatazami filamu tena, anatafuta rimoti. Akiulizwa baadaye atasema picha ile mbaya, na atakuwa anaeleza dakika zile mbili za fadhaa.

Wauzaji wa filamu wanaujua ukweli huu kuliko wahakiki. Katika vibanda ambako vijana huwatilia watu picha kwenye flashi, mazungumzo huenda hivi, hata kama maneno hubadilika. Bibi mmoja mwenye baibui lake anauliza, "Mwanangu, hii nzuri?" Kijana anaitazama jalada, anamtazama mteja, na anajibu, "Nzuri bibi, lakini hii si ya kutazama na wajukuu. Chukua ile nyengine." Hajasema neno kuhusu uongozaji, taa wala uigizaji, lakini ametoa maoni yenye manufaa kuliko nyota nne kati ya tano. Amejibu swali lililoulizwa.

Hata katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililoasisiwa mwaka 1997 na ambalo kwa miaka mingi limeonyesha filamu chini ya anga ndani ya Ngome Kongwe, mgeni anaweza kuwasoma vibaya watazamaji. Tukio la mahaba likianza, kicheko kinapita kwenye ngazi za mawe. Mwongozaji aliyetoka mbali akadhani kazi yake inadharauliwa atakuwa amekosea. Watu wanacheka ili kuijulisha hadhara kwamba wameona, wana haya, na bado wapo. Wakinyamaza kabisa na wengine wakaanza kunyanyuka, hapo ndipo pana tatizo.

Jambo la pili ni kwamba si wote wanaotoa maoni wameiona filamu moja. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, ambalo kazi yake mojawapo ni kuzikagua filamu kabla hazijaonyeshwa hadharani. Vituo vya televisheni navyo hukata, na wauzaji wengine hukata kwa mikono yao. Katika filamu ya kawaida ya mapigano, ukiondoa busu hakuna kinachoharibika. Katika filamu ya mahaba na hatari, mwandishi aliyeijua kazi yake huuficha ufunguo wa kisa chumbani makusudi, kwa sababu anajua hapo mtazamaji hatafuti ushahidi: kovu begani, simu inayolia na kuzimwa haraka, jina lisilo la mume linaloponyoka mdomoni. Tukio likikatwa, ufunguo unakwenda nalo. Mtazamaji wa nakala iliyokatwa anamwona muuaji akifichuliwa bila ya dalili yoyote ya awali, na anaandika kwa haki kabisa kwamba mwandishi amelipua. Aliyeona nakala nzima anamshangaa. Silaumu ukataji, kwa kuwa nchi ina maadili yake na inayo haki ya kuyalinda, lakini ugomvi wa watu hawa wawili umetengenezwa na mkasi. Mwongozaji anayetaka picha yake ivuke bahari na kufika Unguja na Pemba salama angefanya vyema kuuweka ufunguo wake mezani wakati wa chai.

Nakala zilizotafsiriwa zina mambo yake. Mtafsiri anayesimulia juu ya picha kwa Kiswahili hukaa juu ya ile minong'ono tuliyoizungumzia, hutia mzaha palipokuwa na wasiwasi, na humwita steringi majina ya mtaani. Mara nyingi huokoa filamu mbovu, na mara nyingi humaliza kabisa wasiwasi wa filamu nzuri. Anayeisifu picha hiyo kwamba "inachekesha" amemsifu mtafsiri.

Kisha yuko mwanamke aliyeigiza. Katika maoni ya watazamaji wa filamu hizi, kote duniani, mwigizaji wa kiume huhukumiwa kwa uigizaji wake na wa kike huhukumiwa kwa tabia ya mtu aliyemwigiza. Kwetu hukumu hiyo inamfuata mpaka nyumbani, kwa kuwa visiwa ni vidogo na kila mtu ana shangazi anayemjua shangazi wa mwenzake. Ndiyo maana watengenezaji wa hapa wanaotaka kusimulia mapenzi yenye hatari huenda kwa njia ya mafumbo, na hadhira yao, iliyolelewa na taarabu na maandishi ya kanga, inayasoma mafumbo hayo bila ya msaada. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, si filamu ya aina hii, lakini ina mapenzi ya siri, ina polisi wa kikoloni wanaonusa, na ina Mji Mkongwe wa miaka ya 1950 wenye vichochoro vya kukutania. Waliokuwa wameisoma riwaya skuli waliingia na swali lao, kama Yasmini, mhusika mkuu, wa kwenye picha ndiye Yasmini wa kitabuni. Hilo nalo ni swali halali, na alama atakayoitoa mtu huyo haitamsaidia chochote asiyekijua kitabu.

Kwa mtengenezaji mdogo, basi, maoni mengi kati ya haya hayana la kumfundisha. Hawezi kulibadilisha bango lililokwisha kusambaa, wala hawezi kumwondoa mkwe sebuleni. Maoni yanayomfaa ni yale yanayotaja mahali: kwamba walipokuwa jikoni mazungumzo hayakusikika, kwamba mume alirudi safari bila ya mtu kumwona akiondoka, kwamba yule askari amemjua muuaji kwa njia isiyoelezwa. Mtazamaji wa Wete aliyeandika sentensi moja ya namna hiyo, hata kama ameipa picha mbili kati ya kumi, amempa mtengenezaji kitu cha kurekebisha wiki ijayo, kwa kipaza sauti cha kuazima na feni iliyozimwa.